Kuacha Televisheni: Habari za Filamu Zilizohamia Katika Intaneti

Wasomaji, vijana waliotembea Marekani wakirudi hutuambia neno moja la ajabu: kwamba huko watu wengi wameacha televisheni. Si kwamba wameacha kuangalia filamu, la. Filamu wanaziangalia sana. Lakini wanazitafuta wenyewe katika intaneti, saa wanayotaka, wala hawangojei tena stesheni iwaletee. Wazee wakisikia hayo huuliza: Mashini iliyotamaniwa na kila nyumba imewezaje kuachwa namna hii? Swali ni zuri. Jibu lake ni la miaka zaidi ya sabini, na ndani yake mna milima, mabondia, kesi mahakamani, posta na faini za maduka. Tulieleze polepole.

Milima na waya

Baada ya vita kwisha mwaka wa 1945, televisheni ilienea Marekani upesi mno. Mwaka wa 1950 nyumba zilizokuwa nayo hazikufika moja kati ya kumi. Mwaka wa 1960 zilikuwa karibu tisa kati ya kumi. Zamani watu walikwenda sinema wakaketi pamoja gizani. Sasa walibaki nyumbani, na majumba mengi ya sinema yakafungwa. Tukumbuke jambo hilo tangu mwanzo: hao wanaoiacha televisheni leo ni wajukuu wa watu walioacha sinema kwa ajili yake.

Picha za televisheni zilisafiri hewani kwa mstari ulionyoka. Mlima ukisimama katikati, picha haifiki. Mtu wa Kivu anayepanda kilima akitafuta mahali simu yake itakapolia hahitaji kuelezwa zaidi. Tena, tangu 1948 mpaka 1952 serikali ya Marekani ilisimamisha ruhusa za stesheni mpya, kwa kuwa zile zilizokuwapo ziliingiliana hewani. Basi miji mingi midogo ikakaa bila kitu.

Katika mji wa Mahanoy City, jimbo la Pennsylvania, mfanyabiashara John Walson aliuza mashini za televisheni. Lakini nani atanunua sanduku lisiloonyesha kitu? Stesheni zilikuwa Philadelphia, na milima ilikuwa kati. Husemwa kwamba mwaka wa 1948 alisimamisha antena juu ya mlima, akavuta waya mpaka dukani kwake, na njiani akawagawia majirani picha. Mwaka uleule, upande wa pili wa nchi, katika mji wa Astoria jimboni Oregon, Ed Parsons aliweka antena juu ya hoteli akashusha waya mpaka nyumbani kwake, ili mke wake aone picha za stesheni ya Seattle. Watu wanabishana nani alikuwa wa kwanza. Sisi tuwaachie ubishi wao. Neno kubwa ni kwamba waya ulianza kama msaada kwa watu wa mabondeni, nao waliulipia kwa furaha. Hakuna aliyefikiri kwamba siku moja wajukuu wao watauona kama kamba ya kufungwa.

Kwa miaka mingi waya ulileta stesheni zilezile za hewani, basi. Tarehe 8 mwezi wa 11 mwaka wa 1972 stesheni iitwayo HBO ilianza kazi katika mji wa Wilkes-Barre, hukohuko Pennsylvania, nayo ilikuwa na walipaji 365 tu. Haikuonyesha matangazo ya biashara. Ilionyesha filamu na michezo, na mtu alilipa kila mwezi. Wazo hilo la kulipa kwa mwezi ili kuepuka matangazo tutalikuta tena mbele.

Pigano la saa kumi ya usiku

Hapa Kongo yetu inaingia katika habari. Tarehe 30 mwezi wa 10 mwaka wa 1974, Muhammad Ali alimshinda George Foreman katika raundi ya nane, mjini Kinshasa, katika kiwanja ambacho leo huitwa Tata Raphaël, kwa heshima ya Padri Raphaël de la Kethulle aliyekijenga. Wazee wanajua kwamba pigano lilianza saa kumi ya usiku. Kwa nini mabondia wapigane saa ambayo jogoo hajawika? Kwa sababu New York ilikuwa saa nne tu ya usiku, na watu wa Marekani walikuwa wamenunua tikiti za kuliona katika majumba ya sinema, mahali picha zilipofikishwa moja kwa moja. Feza ilikuwa kwao, basi saa ikawa yao. Watu wa Kinshasa walikesha.

Mwaka uliofuata, 1975, Ali alipigana na Joe Frazier huko Ufilipino, karibu na Manila. HBO ilizipokea picha kwa satelaiti ikazipeleka kwa walipaji wake wa Florida na Mississippi, ndani ya nyumba zao. Tangu hapo kila mwenye mali alitaka stesheni yake ipite kwenye satelaiti na waya. ESPN ya michezo ilianza 1979, CNN ya habari 1980, MTV ya muziki 1981. Zikazidi mpaka mtu akachoka kubonyeza.

Lakini ona: hata stesheni zikiwa mia, kila moja ilikuwa na saa zake. Filamu ikianza saa mbili, wewe uko kazini, imekupita. Mama wa nyumba alipanga chakula kwa saa za stesheni. Mtawala wa kweli wa sebule alikuwa yule aliyepanga ratiba, naye alikaa mbali.

Wa kwanza kumnyang'anya saa yake alikuwa kaseti. Sony ilitoa mashini ya Betamax mwaka wa 1975, na JVC ikafuata na VHS mwaka wa 1976. Mtu aliweza kunakili filamu usiku akaiona kesho. Wenye filamu, yaani Universal pamoja na Disney, walikasirika, wakaishitaki Sony mwaka wa 1976. Walisema kunakili nyumbani ni wizi. Kesi ilikwenda miaka saba na zaidi, ikafika Mahakama Kuu ya Marekani. Tarehe 17 mwezi wa 1 mwaka wa 1984 majaji tisa waligawanyika: watano dhidi ya wanne. Watano walisema kwamba mtu anakili kipindi ili akiangalie saa nyingine nyumbani kwake hana kosa. Katika maandiko ya hukumu hiyo wametaja ushahidi wa Fred Rogers, aliyejulikana sana kwa kipindi chake cha watoto. Yeye aliona ni msaada mkubwa kwa jamaa kuweza kunakili kipindi chake na kukiangalia pamoja wakati unaofaa. Kama jaji mmoja tu angegeuka, pengine habari yetu ingechukua njia nyingine kabisa.

Wenye filamu waliolia mahakamani walikuja kutajirika kwa kaseti zilezile. Hayo huonekana mara nyingi katika mambo ya biashara.

Bahasha nyekundu

Kaseti zilizaa maduka ya kukodisha. Lililo kubwa kuliko yote lilikuwa Blockbuster, lililofungua duka la kwanza Dallas mwaka wa 1985. Mwaka wa 2004 lilikuwa na maduka zaidi ya 9,000. Watu walikwenda Ijumaa jioni, baba na watoto, wakachagua filamu ya mwisho wa juma. Walilipenda, lakini walichukia jambo moja: faini. Ukichelewa kurudisha kaseti, unalipa. Ukichelewa tena, unalipa tena.

Mwaka wa 1997 Reed Hastings na Marc Randolph walianzisha Netflix huko California. Hastings amesimulia mara nyingi kwamba wazo lilimjia baada ya kutozwa faini ya dolari 40 kwa filamu moja. Randolph mwenyewe amesema kwamba mambo hayakwenda hivyo, ila hadithi ya faini ni rahisi kueleweka. Nadhani Randolph ndiye wa kuaminiwa. Kampuni zina hekaya za mwanzo kama vile makabila yanavyokuwa nazo. Jambo lililokuwa hakika ni DVD. Sahani hiyo nyembamba ilianza kuuzwa Marekani mwaka huohuo wa 1997. Kaseti ni nzito, posta yake ni ghali. DVD ni nyepesi kama barua. Wale wawili walitia sahani ya muziki katika bahasha, wakaipeleka kwa posta nyumbani kwa Hastings ili waone kama itavunjika. Ikafika nzima.

Walianza kukodisha mwaka wa 1998, na mwaka wa 1999 waliweka mpango mpya: lipa kila mwezi, kaa na sahani muda unaotaka, hakuna faini. Ukirudisha moja, unaletewa nyingine katika bahasha nyekundu. Hata hivi kampuni ilikuwa ikipoteza feza. Mwaka wa 2000 wakubwa wake walikwenda Dallas kuwaomba wakubwa wa Blockbuster wainunue kwa dolari milioni 50. Wakakataliwa. Miaka kumi baadaye, mwezi wa 9 mwaka wa 2010, Blockbuster ilifika mahakamani kwa kushindwa kulipa madeni. Mwaka wa 2019 likabaki duka moja tu lenye jina hilo duniani, katika mji wa Bend, Oregon, na watalii wakawa wanakwenda kulipiga picha.

Je, posta ndiyo iliyoiua Blockbuster? Kwa sehemu tu. Mwaka wa 2005 ilitokea YouTube, ambayo Google iliinunua mwaka wa 2006 kwa dolari bilioni 1.65. Watu walizoea kuona picha zinazotembea ndani ya kompyuta bila kununua chochote. Mwezi wa kwanza wa 2007 Netflix ilianza kuonyesha filamu kwa intaneti. Zilikuwa karibu 1,000 tu, na kwa kompyuta peke yake. Mwaka wa 2008 kikatoka kijisanduku cha Roku kilichounganisha intaneti na televisheni ya sebuleni.

Hapa inafaa tueleze kazi yenyewe inavyofanyika, kwa sababu wengi hufikiri filamu inaruka nzima kutoka Marekani mpaka simu yao. Filamu hukatwa vipande vidogo vya sekunde chache. Mashini yako huomba kipande cha kwanza, na wakati unakiangalia yenyewe imekwisha kuomba cha pili na cha tatu, inaviweka akiba. Kila kipande kimetengenezwa kwa namna nyingi, vingine vizito vyenye picha safi, vingine vyepesi vyenye picha ya ukungu. Njia ikiwa pana, unapewa kizito. Ikisongwa, unapewa chepesi. Njia ikifungwa na akiba ikiisha, picha husimama na lile duara huzunguka, nanyi wasomaji mnalijua vizuri. Tangu 2012 Netflix imekuwa ikiweka akiba za filamu zake karibu na watu, ndani ya majumba ya kampuni za intaneti, ili zisivuke bahari kila mara mtu mmoja anapotaka kuangalia.

Kukata waya

Sasa turudi kwa wenye waya. Kampuni za waya hazikuuza stesheni moja moja. Waliuza fungu zima. Ukipenda boga, sharti ulinunue na ua lake, na majani, na shamba la jirani. Mwanamke asiyependa mpira alilipia stesheni za mpira. Mzee asiye na mtoto alilipia stesheni za katuni. Hesabu za serikali ya Marekani zinaonyesha kwamba fungu la kawaida lilikuwa dolari 22 hivi kwa mwezi mwaka wa 1995, na mwaka wa 2013 lilipita dolari 64. Kumbe mwisho wa 2010 Netflix iliuza filamu za intaneti peke yake kwa dolari 7.99 kwa mwezi, bila matangazo.

Msomaji anaweza kupiga hesabu mwenyewe. Karibu nyumba milioni 100 zilikuwa zikilipia waya au satelaiti. Tangu mwaka wa 2013 hivi idadi hiyo ikaanza kushuka, kisha ikaporomoka. Wamarekani wakaita jambo hilo kukata waya. Vijana wengi hawakuukata, kwa maana hawakuufunga kamwe. Na wengine, baada ya kukata, walinunua antena ndogo wakapokea stesheni za hewani bure, kama babu zao kabla ya Walson na Parsons kuanza kuvuta waya!

Netflix haikupendwa daima. Mwaka wa 2011 ilitenganisha bei ya DVD na bei ya intaneti, na aliyetaka zote mbili akapanda kutoka karibu dolari 10 mpaka karibu 16. Katika miezi mitatu watu 800,000 wakaondoka. Lakini ilisimama tena, na mwaka wa 2013 ilitoa mchezo wake yenyewe, House of Cards, vipindi vyote 13 siku moja. Hapo ratiba ilikufa kweli. Mtu aliweza kuangalia kuanzia jioni mpaka alfajiri bila mtu wa kumwambia "ngojea juma lijalo". Uhuru huo uliwafurahisha wengi. Ofisini na shuleni ulileta macho mekundu.

Mwezi wa 7 mwaka wa 2022, kampuni ya Nielsen, ambayo kazi yake ni kupima watu wanaangalia nini, ilihesabu kwamba kwa mara ya kwanza intaneti ilipita waya: 34.8 kwa mia ya muda wote wa kuangalia, dhidi ya 34.4. Mwezi wa 5 mwaka wa 2025 intaneti ilifika 44.8 kwa mia, ikazipita stesheni za hewani na za waya zikijumlishwa pamoja.

Nani amepata, nani amepoteza?

Mtu atasema: basi, watu wameshinda. Wamepata saa zao, wamepunguza gharama. Ningekubali upesi kama habari ingekoma mwaka wa 2013. Lakini wenye filamu walipoona Netflix inanenepa kwa filamu zao, walizirudisha nyumbani wakafungua maduka yao. Disney ilianza lake mwezi wa 11 mwaka wa 2019, HBO Max na Peacock mwaka wa 2020, Paramount mwaka wa 2021. Filamu ya baba iko hapa, katuni ya mtoto iko pale, mchezo wa mama uko pengine, na kila mlango una mlipishaji wake. Kwa kweli fungu la zamani limerudi, ila sasa umelifunga mwenyewe.

Tena katika miezi sita ya kwanza ya mwaka wa 2022 Netflix ilipoteza walipaji zaidi ya milioni moja. Mwezi wa 11 wa mwaka huo ikatoa mpango wa bei ndogo wenye matangazo ya biashara, yaleyale ambayo watu walikuwa wameyakimbia. Mwezi wa 5 mwaka wa 2023 ilianza kuwakataza Wamarekani kugawiana namba ya siri na jamaa wanaokaa nyumba nyingine. Mwanzoni mwa 2025 mpango wa kawaida usio na matangazo ulifika dolari 17.99.

Na wafanyakazi? Zamani kipindi kikirudiwa katika televisheni, mwandishi na mchezaji walipata sehemu ya feza. Mtu aliweza kulisha watoto kwa kipindi alichokifanya miaka kumi nyuma. Katika intaneti hakuna kurudiwa. Kipindi kimekaa pale siku zote, na hesabu ya walioangalia ilikuwa mikononi mwa kampuni. Malipo yakawa madogo. Mwaka wa 2023 waandishi wa filamu waligoma tangu tarehe 2 mwezi wa 5 mpaka tarehe 27 mwezi wa 9, na wachezaji tangu tarehe 14 mwezi wa 7 mpaka tarehe 9 mwezi wa 11. Kwa siku nyingi makundi yote mawili yalikuwa nje kwa pamoja, jambo lililokuwa halijaonekana tangu 1960. Walipata sehemu ya waliyoyadai. Kwangu mimi hapa ndipo palipo na uzito wa habari hii kuliko bei ya mwezi, kwa maana aliyelipa dolari 7.99 akafurahi hakuona ni mkono wa nani uliopunguziwa.

Mambo mawili yamekataa kuhama upesi: habari na michezo. Mechi haingoji. Mwezi wa 11 mwaka wa 2024 Netflix ilijaribu kuonyesha pigano la Mike Tyson na Jake Paul kutoka Texas moja kwa moja. Kwa hesabu yake yenyewe nyumba milioni 60 ziliangalia, na wengi wakalalamika kwamba picha zilisimama zikaganda. Vipande vile vidogo tulivyovieleza havikuwahi kuombwa na watu wengi hivyo kwa sekunde ileile.

Kwetu mambo yana sura nyingine. Televisheni ya taifa ilianza mwaka wa 1966, lakini waya wa namna ya Marekani haukuingia nyumbani mwetu, basi hakuna wa kukata. Mwaka wa 2013 waya mkubwa wa intaneti upitao chini ya bahari ulianza kutumika kwetu kupitia Muanda, na mwezi wa kwanza wa 2016 Netflix ilijifungua kwa nchi 130 kwa siku moja, Kongo ikiwemo. Lakini huyu wa kwetu hulipa mara mbili: analipia filamu, na analipia megabaiti za kuileta. Kwa sababu hiyo vijana wengi hufanya kama siku za kaseti. Mmoja aliye na feza anaishusha filamu, kisha inapita kutoka simu hata simu, au katika kadi ndogo, hata wote wa barabara ile wameiona. Na katika nyumba zinazolipia antena ya sahani kila mwezi, ukiuliza kwa nini hawaiachi, baba atakujibu kwa neno moja: mpira.